Nyaya Kumi na Sita Nyuma ya Nyumba

Mwaka jana, kabla ya mvua kubwa, mke wangu alinipa kipande cha shamba nyuma ya nyumba yetu Otonglo, karibu na ziwa, nisimike antena ya redio. Kwa sharti moja.

"Baba, mvua ikianza na bado hakuna mtu amekusikia, huo mlingoti unashuka. Mimi napanda kunde."

Nikakubali upesi, kama mtu asiyejua kazi. Redio ya kuongea na watu wa mbali nilikuwa nayo, leseni pia, na rafiki niliyesoma naye umeme katika masomo ya jioni alikuwa ananisubiri Lusaka. Zilibaki nyaya za chini tu. Antena ya kusimama wima haifanyi kazi peke yake. Miguuni pake lazima utandaze nyaya kila upande, kama spoku za baiskeli, ndiyo mawimbi yapate pa kusimamia. Nilichora kumi na sita, kila mmoja hatua kumi na tatu. Kwenye karatasi, kazi ya asubuhi moja.

Sasa, sisi tuliofundishwa umeme wa nyumba tunajua jambo moja kuliko tunavyojua majina yetu: waya wa ardhini huenda chini, mpaka kwenye unyevu. Nikachimba. Udongo mweusi wa huku ukikauka ni saruji, ukilowa ni gundi. Kila mtaro ulifika kiunoni. Wiki tatu nzima, kila nikitoka kazini Mamboleo, nilihamisha udongo wa kufukia nusu ya ziwa. Mgongo ukakataa kunyooka. Nikawa nasalimia watu nikiangalia viatu vyao.

Jirani alisimama kwenye ua. "Bwana, unazika nani?"

"Mgongo wangu."

"Pole sana. Matanga ni lini?"

Nilipomaliza kufukia, niliita Lusaka jioni tatu mfululizo. Kimya. Nikampigia rafiki simu.

"Omera, ndugu yangu, nyaya umezika kina gani?"

"Kiunoni," nikasema kwa fahari.

Alicheka mpaka nikaogopa atakata roho. "Hiyo ni ya kumkinga mtu na shoti! Ya redio inalala juu, kwenye nyasi. Nguvu yako yote inawachemshia minyoo chai!"

Nilikaa juu ya ndoo. Sikukasirika hata, hasira nayo inataka nguvu. Upande wa ziwa mawingu yalishaanza kujaa, na mitaro ile nisingeifukua tena hata kwa viboko. Nikafumua nyaya kwenye mota mbili mbovu za pampu ya maji, nikakwangua rangi kwenye ncha ili umeme upite, nikazifunga mguuni pa antena, na Jumamosi nzima nikatambaa kwa magoti nikizitandaza juu ya nyasi na kuzibana kwa vipande vya seng'enge.

Jioni, matone ya kwanza yakigonga mabati, nikaita. Mke wangu alikuwa mlangoni, jembe begani.

"Nakusikia!" ikajibu Lusaka, hafifu, kama mtu aliye ndani ya mtungi. "Nakupata vizuri, lakini omera, sauti imechoka!"

Mke wangu akatoka, akaziangalia nyaya. "Ziko juu juu tu hivi?"

"Juu juu."

"Na jembe likipita?"

"Litazikata," nikasema. Akalilaza jembe ukutani, akaokota kijiti, akaanza kutoboa mashimo katikati ya waya na waya.

"Shika mbegu," akasema. "Mbili mbili."

Nikapiga magoti tena.