Tumbo la Darasa la Saba

Mimi na dada yangu ni mapacha, na nyumbani kwetu, ng'ambo ya kilima ukitokea Kabanga, sheria za mapacha zilikuwa mikononi mwa bibi mzaa baba. Mmoja akishonewa gauni, mwingine apate kaptula siku hiyohiyo. Mmoja akichapwa, mwingine naye aguswe na fimbo kidogo, kwa heshima. Na mmoja akiugua, wote wawili walazwe mkeka mmoja na kunyweshwa maji ya mubirizi, majani machungu yanayomfanya mtu aombe radhi hata kwa kosa ambalo hajalitenda. Bibi aliamini kwamba pacha akiachwa nyuma, moyo wake hunyauka. Nani angembishia? Baba, mwanamume wa sauti nene, mbele ya mama yake alikuwa mtoto mdogo.

Utoto ule ulikuwa mtamu, nasema wazi. Tulikimbia mchakamchaka kwenye ukungu tukiwa hatuonani, tunasikiana nyimbo tu. Uji wa shule ulinuka moshi, na mpaka leo uji usionuka moshi naona umekosa kitu.

Kisha tukaingia darasa la saba. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Tanga, amehamishiwa kwetu na serikali, na Kiswahili chake kiliteleza kama mlenda. Kila asubuhi alituambia kwamba wa kwenda sekondari watahesabika kwa vidole, waliobaki jembe linawasubiri. Alilitaja jembe kana kwamba ni jela, na sisi tulikuwa tumelishwa na jembe tangu tuzaliwe. Ubaoni aliandika siku zilizobaki. Wenzetu wakaanza kuumwa vichwa. Msichana mmoja alianguka mchakamchakani kwa sababu alikuwa ameacha kula, eti shibe inaleta usingizi darasani. Mimi nikashikwa na tumbo.

Dada hakushikwa na kitu. Alisoma kama anavyopalilia, mstari kwa mstari, bila haraka. Alitaka kuwa muuguzi, na habari hiyo alishawatangazia hata kuku.

Zikiwa zimebaki siku tatu, tumbo lilinikata hadi nikarudishwa nyumbani. Bibi aliponiona tu, akajifunga khanga, akaenda shuleni kumtoa dada darasani.

"Mimi mzima, bibi," dada alisema alipolazwa mkekani.

"Nyamaza unywe, mwana wanje."

Daftari lake likawekwa juu darini, kwenye mahindi ya mbegu. Kesho yake baba akamleta mganga wa zahanati, kijana aliyetoka Songea. Alinibonyeza tumbo, akaniuliza maswali, akacheka kidogo. "Huyu hana mdudu, ana mtihani," akasema. Akamweleza bibi kwamba hofu nayo huumiza mwili kweli, si uongo wala uvivu. Nile, nilale, nirudi shule, na binti aachwe asome. Bibi alimshukuru sana, akampa maharage ya kupeleka nyumbani, na hakufuata neno hata moja.

Alasiri ile dada alinigeukia. "Likikuuma kesho kutwa, na mimi sifanyi mtihani. Unajua?"

Nilijua. Nilijua pia kwamba tumbo lenyewe lilitulia kila kengele ya kufunga shule ilipogongwa. Nikaona haya, nikajifanya nimesinzia.

Asubuhi ya mtihani niliamka tumbo likiwa limejikunja kuliko siku zote. Nikasimama wima mbele ya bibi, nikasema nimepona. Nikaomba na kiporo cha ugali ili aamini, nikakila chote. Hakikufika mbali. Njiani, kwenye kijito, nilikitapika, na dada akaninawisha uso kwa nguvu kama anayesugua sufuria. Hakusema pole. Alisema, "Twende." Mtihani wenyewe siukumbuki, ila kwamba mara mbili msimamizi alinisindikiza vichakani.

Majibu yalipokuja, dada alikuwa amechaguliwa. Mimi sikuchaguliwa. Baba alifurahi kwa siku moja tu, kwani siku ya pili bibi alivaa kitenge chake cha kanisani, akatuamuru tumfuate shuleni.

"Shikamoo bibi," mwalimu mkuu alisema, akampa kiti. Bibi hakukaa.

"Marahaba. Mwalimu, aba bana ni babiri. Mungu alileta wawili. Wewe unachukua mmoja?"

"Bibi, nafasi imetoka ya mmoja. Huyu mwenzake hakufaulu."

"Basi na huyu abaki."

Mwalimu alianza kueleza serikali inavyopanga, Kiswahili chake kikiteleza, na kila alichosema kilipita pembeni ya bibi. Dada alikuwa akitazama sakafu. Kwa kuwa neno la bibi lilikuwa neno la baba, mimi na dada tulijua kwamba bibi akitoka pale na neno lile, shule ya dada imekwisha.

Sikutaka aende. Nilitaka abaki tulime maharage pamoja, anicheke, anigombeze, nisiwe mjinga peke yangu. Nilimwonea wivu pia, tena wivu mkali. Nikasema, "Bibi, mimi nataka aende."

Bibi akanigeukia. "Utaweza kubaki wewe peke yako?"

"Nitaweza."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akanitazama muda mrefu, hata mwalimu akaweka kalamu mezani. Kisha akamwambia, "Mwandike."

Tulirudi nyumbani watatu, bibi katikati, ametushika mikono kama watoto wadogo, ingawa sote tulikwisha kumpita urefu. Njia nzima dada alilia kwa sauti, na mimi nikawa namwambia anyamaze, watu wanatuangalia.