Kuku wa Selpha, Ugali wa Nelima

Saa saba mchana, Otonglo, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Kikaango kinanguruma, jasho linamtiririka Selpha Akinyi chini ya kofia nyekundu ambayo kampuni haimruhusu kuivua, na foleni ya wateja imefika mlangoni. Ndani ya duka mna viti vyekundu vinavyong'aa, vimepangwa kama vya harusi. Vyote ni vitupu. Hata nzi hajakaa.

"Karibu Kuku Taji, tukuhudumie vipi leo?" anauliza Selpha, neno kwa neno kama alivyofundishwa.

"Selpha, wacha hiyo mambo ya redio," anamjibu Mzee Dalmas, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara. "Nipe paja mbili. Na haraka, ugali yangu inapoa huko nje."

Mzee anapokea boksi lake, anatoka, anageuka kushoto. Hapo, ukutani kabisa mwa duka, kuna banda la mabati lenye mabenchi, na wateja wamebanana humo kama dagaa wa omena kwenye kopo la gorogoro. Kila mmoja ana boksi la Kuku Taji mkono huu na tonge la ugali mkono ule.

Selpha, mwenye umri wa miaka 46, hakuanzia kwenye kuku. Alikuwa keshia wa supamaketi moja mjini Kisumu kwa miaka kumi na moja, mpaka asubuhi moja wafanyakazi walipofika kazini wakakuta kufuli mlangoni na mlinzi asiyejua kitu. Alichobaki nacho ni kiinua mgongo na akiba ya chama, jumla shilingi laki saba.

"Biashara ya kubuni mwenyewe niliiogopa," anasema. "Nikasema acha nitafute jina ambalo watu wanalijua tayari, nijibanze hapo."

Ndiyo franchaizi hiyo. Unailipa kampuni, nayo inakupa jina lake, mapishi yake, rangi zake, na sheria zake zote zikiwa nyongeza.

Hakukurupuka. Alikuwa na kampuni tatu akilini, na kwa kila moja alisafiri hadi kwenye tawi, akanunua soda, akaketi ng'ambo ya barabara akitazama mikono ya watu wanaotoka. Kwenye duka la manukato watu waliingia, wakajipulizia ya bure mpaka mbuzi wa mtaa huo wakanukia kama maharusi, kisha wakatoka mikono mitupu. Gesi ya kupikia ilitoka vizuri, ila ilitaka ghala na pikipiki, na pesa zake zisingefika. Kwenye tawi la Kuku Taji la Nakuru, hakuna aliyetoka bila boksi.

Aliuliza kila swali. Kuku wanatoka wapi? Umeme ukipotea? Mafuta yakipanda bei? Swali moja tu hakuuliza, na hakuna mtu wa Kisumu ambaye angeliuliza, kama vile usivyouliza ikiwa nyumba unayoikodi ina mlango.

"Nilikula huko Nakuru, nikaletewa chipsi," anasimulia, akicheka mpaka anashika kaunta. "Nikaangalia saa, ilikuwa saa tisa. Nikajua tu, ugali imeisha."

Haikuwa imeisha. Haikuwahi kuwepo. Mkataba alioutia sahihi ulisema chipsi pekee, na chakula cha nje ni marufuku ndani ya duka. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa majaribio. Akivunja sheria, au duka likidorora, jina lingeng'olewa ukutani na ada aliyoilipa kampuni isingerudi.

Siku ya ufunguzi watu walifurika. Wakaagiza kuku, wakaletewa, halafu wakakaa wakimtazama. Walikuwa wanasubiri. Mama mmoja alimnong'oneza Selpha kwa upole kwamba kama ni unga umeisha, anaweza kumtuma mtu dukani. Kesho yake ni wachache waliorudi.

Otonglo bado wanaapa kwamba jamaa mmoja aliyetoka Luanda Kotieno aliingia na ugali ndani ya kofia, ukifuka moshi. Alipoambiwa chakula cha nje hakiruhusiwi, akaivaa hiyo kofia, akala kuku wake taratibu huku mvuke ukimtoka masikioni. Selpha hakatai wala hakubali.

"Kofia ilikuwa kubwa," anasema. "Hiyo tu ndiyo naweza kusema."

Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anawapa majirani kuku waliobaki. Ndipo alipokuja Nelima, mama kutoka Webuye aliyekuwa akichoma mahindi kando ya ukuta.

"Mama Kuku, mbona unateseka?" alimwambia. "Wewe kaanga. Mimi nitasonga. Wenye tumbo watajua pa kukaa."

Nelima akaacha mahindi, akanunua sufuria kubwa. Wiki mbili baadaye Selpha hakuwa na muda wa kukaa chini.

Lakini Nairobi, makao makuu ya kampuni, kulikuwa na watu waliokuwa wakikuna vichwa. Mauzo ya Otonglo yalikuwa yakipanda, na kamera ya dukani ilionyesha viti vitupu. Kuku hao walikuwa wanaliwa na nani? Wakamtuma mkaguzi, Laban, aje kama mteja wa kawaida.

Laban alinunua kuku, akatazama viti, akatazama dirishani, akatoka. Baada ya nusu saa akarudi, safari hii kitambulisho cha kampuni kikining'inia shingoni na mikono ikiwa bado na maji.

"Mama, mimi natoka ofisi kuu. Ukumbi wako hauna mtu. Hiyo ni shida."

Selpha anasema mdomo ulimtangulia. "Karibu sana, Bwana Laban. Na wewe kuku wako umemlia wapi?"

Laban akaangalia vidole vyake. Papo hapo sauti ya Nelima ikapenya dirishani: "Huyo wa shati ya bluu ako wapi? Aliomba aongezwe ugali, sasa ametoroka!"

Foleni nzima ilikufa kwa kicheko. Laban naye akacheka, lakini hakuahidi kitu. "Nitaandika nilichoona," alisema. "Wataamua wao."

Majuma yaliyofuata, Selpha alikuwa akifuta viti ambavyo hakuna aliyevikalia, kisha anavifuta tena. Kila simu ikilia alitoka nje kuipokea, wafanyakazi wasimwone uso.

Simu yenyewe ilipokuja, ilileta habari ambayo hakuitegemea. Kampuni ingempa mkataba wa miaka mitano, na ilimruhusu apike ugali mwenyewe, ndani, ili viti vijae. Selpha aliomba apewe siku moja. Kesho yake akawapigia: mkataba anautaka, ugali ubaki kwa Nelima.

"Huyu alinishika mkono wakati viti vilikuwa vinanicheka," anasema. "Leo nimwambie afunge sufuria?"

"Angejaribu," Nelima anadakia kutoka bandani, mwiko mkononi, "ningeanza kukaanga kuku!"

Kampuni ilikubali kwa masharti mawili. Banda la Nelima liwe na sakafu ya saruji na maji ya bomba, kwa gharama ya Selpha. Na viti vibaki dukani, maana ni sehemu ya sura ya Kuku Taji. Sakafu ilimwagwa mwezi uliopita. Faida ya miezi miwili imelala chini yake, naye halalamiki.

Sasa anataka tawi la pili, huko Sondu, ambako siku ya soko watu hutoka pande zote mbili za mto. Ameshakwenda mara kadhaa, na madalali wameanza kumchoka kwa sababu hataki kuonyeshwa nyumba yoyote. Anapita tu katikati ya vibanda vya chakula, anaketi, anaagiza ugali, anaubonyeza kwa kidole, anainuka na kwenda kibanda kinachofuata.

"Natafuta mama wa ugali kwanza," anasema Selpha. "Nikimpata, nitakodi mlango ulio karibu na yeye."