Mlango wa Mbele Haukuwa Wetu

Usije ukaniambia nyumba ile ilikuwa nzuri. Najua utaniambia, kila anayepita Tabora husema hivyo, anasimama barabarani na simu yake anapiga picha. Mwezi uliopita nilirudi kumzika mwenye nyumba, na hata pale msibani walikuwepo watu wanasifu boriti za dari.

Haya, tuisifu. Ilijengwa na babu wa mwenye nyumba enzi za misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Kuta zake za udongo zilikuwa nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala dirishani akajinyoosha. Juu palikuwa bapa, boriti zimefunikwa udongo ulioshindiliwa, mpaka baadaye walipoweka mabati. Mbele palikuwa na baraza ndefu, na katikati ya baraza mlango wa mninga wenye nakshi za maua na minyororo. Ile minyororo iliyochongwa wageni waliipenda sana. Mama yake bibi yangu alifika Tabora na mmoja wa misafara hiyo, na hakuja kwa kupenda.

Ndiyo maana sisi tuliishi uani. Tuliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia ujia mwembamba wenye kona, unaonuka moshi na mkojo wa mbuzi. Hakuna aliyetukataza mlango wa mbele kwa maneno. Ulikuwa unajua tu, kama unavyojua moto unaunguza. Mlango ule ulifunguliwa kwa wageni, kwa maharusi, na kwa maiti wa nyumba.

Lakini nani aliyeisimamisha nyumba hiyo? Kila mwaka kabla ya mvua, bibi alikwenda porini kuchimba udongo wa kichuguu. Tuliukanda kwa miguu pamoja na samadi ya ng'ombe, mimi na yeye, mpaka magoti yanauma, huku kwenye jiwe kuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga za kututuliza njaa. Kisha alikandika kuta zote, ndani na nje, kwa viganja. Akimaliza upande mmoja aliburuta vidole, akaacha michirizi ya mawimbi. Mwenye nyumba alipita akisema, "Hapo chini hapajakaa sawa." Shikamoo ya bibi, aliyemzidi umri kwa mbali, aliipokea kwa marahaba bila aibu. Bibi akasugua tena. Alipoondoka ndipo alipotema mate na kuniambia, "Nyumba hii mikono yangu ndiyo inayoishika. Siku nitakayotoka, nitatoka kwa mbele."

Alilisema hilo kila mwaka. Nililiamini kama ahadi ya serikali.

Alikufa wakati wa masika. Mjomba wangu alikwenda kuomba mlango ufunguliwe, nami nilikuwa nyuma yake. Mwenye nyumba hakuinuka hata kitini. "Mlango umevimba kwa mvua," alisema. "Hautafunguka. Mpitisheni kule kule." Mjomba akashukuru. Mpaka leo sijamsamehe shukrani ile.

Basi wakampitisha ujiani. Kwenye kona jeneza likakwama, wakalilaza ubavu, nikasikia bibi anateleza ndani na kugonga ubao. Ijumaa iliyofuata waliwasili wageni kutoka pwani. Mlango ukafunguka vizuri kabisa, nasi uani tukaletewa makombo ya pilau. Sikula. Niliwamwagia kuku.

Sasa sikia yaliyotokea mwezi uliopita. Miaka imepita, mlango wa mninga waliuuza kwa wanunuzi wa vitu vya kale, pale uliposimama wakajenga ukuta wa matofali na kufungua duka la simu. Kuta zilizobaki walizipiga lipu ya saruji juu ya udongo, zikashika unyevu na kuanza kubomoka. Kwa hiyo mwenye nyumba alipokuwa tayari ndani ya jeneza, watu walisimama ukumbini wakitazamana. Palikuwa na njia moja tu ya kutokea.

Kwenye kona jeneza likakwama. Mwanawe akanigeukia, jasho linamtoka. "Kaka, wewe ulikulia huku nyuma. Tunafanyaje hapa?"

"Lilazeni ubavu," nikasema. "Ndivyo alivyotoka bibi yangu."

Wakalilaza. Nilisikia mwenye nyumba anateleza na kugonga ubao. Nilifurahi, na sitakudanganya kwamba niliona haya baadaye.

Pembe ya jeneza ilikwangua ukuta, bamba zima la saruji likaanguka. Nyuma yake palikuwa na udongo mwekundu, na juu ya udongo, michirizi ya vidole vya bibi. Wao wakatoka na maiti yao. Mimi nilibaki nimeingiza vidole vyangu katika mifereji ile, nikilia kwa sauti. Makaburini sikufika.

Nyumba itavunjwa yajengwe maduka, na mimi sitaililia. Niliomba tu waniachie kipande kile cha ukuta. Mtoto wa mwenye nyumba alitabasamu kama baba yake. "Kaka, ule si udongo tu? Utavunjika hata stesheni hujafika."

Najua ni udongo. Nilikuwepo ulipokandwa.