Nilifukuzwa Darasani kwa Jibu Sahihi

Nilifukuzwa darasani kwa sababu nilipata jibu. Si wizi, si mimba, kama mlivyozoea kusikia. Jibu!

Kisumu, 1971, kidato cha tano. Darasa la fizikia lilikuwa na wavulana ishirini na wawili, na mimi Apiyo, msichana peke yangu.

Mwalimu Walubengo hakunitaka. "Wewe ungeenda arts, mama, ukasome historia. Hii ni kazi ya wanaume." Kila siku wimbo ni huo huo.

Siku hiyo alitundika jiwe kwenye springi pale dirishani. Akalivuta chini, akaliachilia, likaanza kupanda na kushuka. Kisha akaandika ubaoni:

d²x/dt² = −ω²x

Maana yake, jiwe likitoroka katikati, pale linapotulia, linavutwa kurudi, na likitoroka zaidi linavutwa zaidi. Kazi ni kutafuta x, yaani umbali wa jiwe kutoka katikati kila wakati t; ω ni namba inayosema linacheza kwa kasi gani.

Yeye akaandika x = A sin ωt, akapangusa chaki mikononi. "Maswali?"

Nikanyoosha mkono. "Sir, mwanzoni t ni sifuri, na sin ya sifuri ni sifuri. Ubao unasema jiwe lilianzia katikati. Lakini wewe umeliachilia likiwa chini."

Mwalimu akanitupia chaki.

"Njoo utatue wewe basi. Ukishindwa, beba vitabu uende arts leo leo."

Nikaenda.

Tunatafuta kitu ambacho ukikifanyia d/dt, yaani kutafuta kasi ya kubadilika kwake, mara mbili kinarudi kilekile, ila kimebeba −ω² mbele. Sin hurudi hivyo. Cos pia hurudi hivyo. Mimi ni pacha, na kwetu ukimnunulia mmoja nguo, mwingine naye unamnunulia. Nikaandika zote mbili:

x = A cos ωt + B sin ωt

"Lilianzia chini, umbali a, na cos ya sifuri ni moja, kwa hivyo A ni a. Uliliachilia bila kulisukuma, kasi ya mwanzo hakuna, kwa hivyo B ni sifuri. Sir, sin yako ndiyo imeenda. Imebaki x = a cos ωt."

Wavulana wakapiga madawati. Mwalimu akapiga meza.

"Toka! Urudi na mzazi, uniombe msamaha mbele ya darasa. Ama uhamie arts."

Jamani, mama yangu Milka! Huyo alinichapa kila nilipomjibu mtu mzima. Nilimweleza yote, hesabu na matusi ya mwalimu, naye akaendelea kuchambua mboga. Nikajua nimekwisha.

Jumatatu akaingia darasani, leso kiunoni, nami nyuma yake. Jiwe bado lilikuwa dirishani.

"Mwalimu, huyu alikutukana?"

"Hapana, lakini..."

"Alikosea hiyo hesabu?"

Mwalimu akaanza kupanga chaki mezani.

Mama akashika jiwe, akalivuta. "Nikiwacha sasa, hii jiwe inaanza wapi?"

"Chini, mama!" darasa zima.

"Na ubao yake ilisema wapi?"

"Katikati!"

"Sasa mimi nimetoka Pap Onditi kuomba msamaha ya nini?"

Akaliachilia jiwe, akanigeukia. "Keti."

Nikaketi. Msamaha sikuomba, na arts sikuenda.

Wajukuu zangu, mkubwa mpisheni mlangoni. Kwenye jibu sahihi, msimpishe.