Gari la Zahanati Lisilozimwa

Siku yangu ya kwanza gereji, pale Musoma, fomeni aliyekuwa msimamizi wa mafundi alininyang'anya spana mkononi. Alinipeleka mbele ya lori lililokuwa linaunguruma, akaniambia nisimame hapo nisikilize mpaka arudi. Alirudi baada ya chakula cha mchana. Nilimchukia kwelikweli, ila masikio yangu yalianza kazi siku hiyo.

Baadaye nilipelekwa Bunda kuhudumia malori ya pamba, kwa meneja aliyetaka kila gari liwe limepona jana. Nikarudi Musoma nikiwa fundi kamili, chini ya fomeni yuleyule. Ndipo likaletwa gari dogo la dizeli la kubebea wagonjwa, la zahanati moja ya upande wa Butiama.

Dereva wake aliitwa Bhoke, mama mpole, mjane. Gari lilitoa moshi mweusi, likisimama linatetemeka, likipanda mlima linaishiwa nguvu. Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, alikuja naye. Akasema mbele yetu sote kwamba Bhoke anaua injini kwa kuendesha vibaya, na gari likigoma tena funguo anapewa mtu mwingine. Bhoke alitazama chini. Iliniuma, maana kumsema mtu mzima namna ile ni kumvua nguo hadharani.

Wenzangu walitaka kushusha nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Kwetu moshi mweusi ukitoka, lawama ni ya nozeli kwanza, hata leo. Fomeni akakataa, akaniambia nianze na vali ya EGR. Hiyo hurudisha kiasi cha moshi wa ekzosi ndani ya injini. Inatakiwa ifunguke na kujifunga. Ikikwama wazi, injini inavuta moshi badala ya hewa, inakabwa.

Nikachomoa kipira chake, kile kimrija cha hewa kinachoiendesha, nikavuta kwa mdomo. Vali nzima ingegonga, tak. Hii kimya. Nikakata bati la debe la mafuta ya kula, nikaziba ile njia ya moshi, tukalijaribu mlimani. Likapanda bila shida. Mafundi wengi huishia hapo, bati linabaki humo maisha. Fomeni wetu hakutaka upuuzi huo. Bati lilikuwa la kupimia tu. Nikafungua vali, ndani masizi yameganda kama ukoko wa ugali. Nikailoweka kwenye petroli, nikaikwangua kwa kijiti mpaka ikagonga.

Fomeni bado hakuridhika. Masizi mengi vile hutokana na gari kuachwa linaunguruma muda mrefu limesimama. Akamuuliza Bhoke kama ana tabia hiyo. Mganga akaguna kama mtu aliyeshinda kesi.

"Silizimagi, baba," Bhoke akasema. "Betri imekufa. Nikizima haliwaki mpaka lisukumwe. Sasa nina mama mwenye uchungu humo ndani, nimwambie ashuke asukume?"

Kumbe alishaomba betri mpaka akachoka, akawa anaambiwa avumilie. Fomeni akajifuta mikono, akamgeukia mganga mfawidhi.

"Daktari, vali tumeisafisha, na itaziba tena. Kama kuna wa kufukuzwa, anza na betri."

Nampa mganga haki yake: hakubisha. Alitoka mwenyewe, akarudi na betri mpya, na habari ya funguo ikaishia hapo.

Sasa nimestaafu, nakaa Nyasho, hapahapa Musoma. Vijana mna kompyuta za kusoma hitilafu, na sibishani nazo, ni vifaa vizuri. Lakini muulizeni na dereva jamani. Mnakimbilia kuagiza vali mpya wakati mwenye gari amekaa pale kwenye benchi na jibu lake, na hilo linaniudhi sana.

Nikiulizwa kazi ipi naikumbuka, ni hiyo. Tulipomaliza kufunga betri, Bhoke alipanda, akawasha, gari likawaka. Akazima. Akawasha tena, akazima tena. Fomeni alitaka kumkataza, nikamshika mkono. Mama wa watu alikuwa ameinamia usukani, analia.