Uso wa Baba

Mchoraji wa Mangere, mtaa wa Auckland wenye Wasamoa wengi, hupuliza karatasi kila amalizapo mstari, kisha hujifuta wino kwenye lavalava, shuka aliyojifunga kiunoni.

"Hiyo utaifua mwenyewe, bwana wino!" dada yake, Fetu, humkemea. Lakini kitabu cha michoro cha kaka yake, kinachosimulia utoto wao wa kuchapwa viboko, Fetu hukizungusha kanisani kama anayeonyesha mtoto mchanga.

Jumapili baba yao alikifunua kwa mara ya kwanza. Fetu alihofia mzee atakichana.

"Mbona kila ukurasa nina mikono na mkanda tu? Uso wangu uko wapi?"

"Sikuuona, Baba," mchoraji akajibu. "Ukinifokea nilitazama chini, kama ulivyotufunza."

Mzee alivuta kiti. Akaketi mbele ya mwanawe, akavua miwani, akainua kidevu.

"Basi leo nitazame, mwanangu. Chora."

Mchoraji akapuliza karatasi tupu, akainua macho.