Sanduku Lililomjibu Bwana Wake Tu

Mwanamke yule alitoka Kilwa, kisiwa cha Ziwa Mweru, kwa boti ya asubuhi, akapanda kutoka ufukweni mpaka kwenye redio yetu hapa Nchelenge, Zambia, kichwani amejifunga kitambaa cheusi. Mume wake alikuwa amezama. Mtumbwi ulionekana, nyavu zilionekana, lakini yeye ziwa halikumrudisha. Jumamosi kanisa lao lingefanya ibada ya kumuaga bila mwili.

"Mama," aliniambia, "bwana yangu aliimbaka hapa na koro ya kanisa. Mulikamataka sauti yake. Munipatie ile sauti, tuisikie siku ya ibada. Hatuna kitu ingine ya kuaga."

Nilimkumbuka mumewe vizuri. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya, na kabla ya wimbo wa mwisho alimsalimu mke wake hewani, akamwambia apike bukari, ugali wetu, mapema, wanarudi na njaa. Studio nzima tulicheka. Salamu ile ilirekodiwa pamoja na nyimbo.

Mimi natangaza kipindi cha Kiswahili, kile wanachosikiliza wachuuzi wa samaki wa pande zote mbili za Mweru, na pia natunza rekodi za redio. Nilizaliwa Kongo. Tulipokimbia vita, wazazi wangu walivuka na watoto na sufuria, hata picha moja ya babu hatukubeba. Labda ndiyo sababu kazi ya kutunza sauti za watu niliipenda kuliko kutangaza.

Rekodi zote zilikuwa ndani ya kifaa kimoja cha kuhifadhi data, sanduku jeusi lenye diski ndani, lililounganishwa na kompyuta zetu kwa mtandao wa ofisi. Tulipewa na mradi wa wafadhili. Siku ya kulipokea hakuna aliyetuambia kwamba sanduku lile linapokea amri kutoka kwa programu moja tu, ya kampuni iliyolitengeneza, na kwamba programu yenyewe bila leseni haifanyi kazi. Wiki chache kabla ya mama yule kuja, leseni iliisha. Nilipopiga simu nikaambiwa aina ile ya sanduku imeachwa na haina leseni tena, tununue jipya. Taa zake zilikuwa bado zinawaka kijani. Diski zilikuwa nzima, nazisikia zikizunguka. Lakini kila nilipojaribu kuingia, kompyuta ilinijibu kwamba kifaa hakitambuliki. Hakitambuliki! Na kipo mezani, mbele ya pua yangu.

Kwa bahati fundi wa kampuni alikuwa njiani kutoka Lusaka kuja kupima chumba kwa ajili ya sanduku jipya ambalo wafadhili walikuwa wametuahidi. Nilimwomba mama asubiri. Akalala kwa ndugu zake kijijini Kabuta, na Alhamisi akarudi, akaketi kwenye benchi nyuma yangu.

Fundi alikuwa kijana mwenye adabu. Alichomeka kompyuta yake kwenye sanduku, akaandika maneno mawili matatu, na mara majina ya rekodi yakajipanga kwenye kioo. Niliinama. Niliyaona yote: mahojiano na wauza dagaa wa kapenta, matangazo ya kipindupindu, mahubiri. Nikaiona na ile ya kwaya ya Kilwa.

"Ile pale," nilimwambia kwa Kibemba. "Tunakili hiyo moja tu."

Akaondoa mikono kwenye kompyuta. "Ba mayo, mama yangu, siruhusiwi. Mimi nimetumwa kuangalia kama diski ni nzima, basi. Kufungua bila leseni ni kufukuzwa kazi."

"Lakini umeshafungua."

"Nimefungua kwa kuangalia."

Akatoka nje kumpigia mkubwa wake. Akarudi akitikisa kichwa.

Mama wa Kilwa hakuelewa Kibemba chetu cha haraka. Akanivuta nguo. "Anasema nini?"

Ikawa juu yangu kumfasiria. Nimefasiri mengi maishani, kwenye zahanati, kwenye ofisi za wakimbizi, na sikumbuki neno lililokuwa zito kama lile. "Anasema sauti iko, lakini hana autorisation ya kutupatia."

Mama alimtazama fundi. Hakupaza sauti. "Baba, sauti ya bwana yangu uko unaiona na macho yako. Ulimwimbisha wewe? Sasa unaikatala namna gani?"

Nilimfasiria fundi kila neno, sikulilainisha hata moja. Alifunga kompyuta yake, akasema pole, akaondoka. Simchukii. Waliomtuma ndio ninaowazungumzia.

Jumamosi nilivuka kwenda Kilwa kwa ibada, mikono mitupu. Kwaya iliimba bila mwanzishaji. Kila wimbo ulianza kwa kusitasita, mmoja akimngoja mwenzake, na mama yule aliketi mbele akitazama sakafu. Nilirudi na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nyimbo ni zao. Pumzi ni ya mtu wao. Umeme wa kurekodi tuliulipa sisi. Ilikuwaje mtu ambaye hajawahi kuliona ziwa hili awe na neno la mwisho?

Nikaanza kusoma, na nilichokisoma kilinizidishia hasira. Kumbe yapo makubaliano yaliyoandikwa wazi, ambayo mtengenezaji yeyote anaweza kuyasoma na kuyafuata bure. Sanduku la data likiulizwa kupitia mtandao lina nafasi kiasi gani, diski zake ni nzima au zinaugua, nani anaruhusiwa kuingia, linajibu kwa namna ileile, na amri linapokea kwa namna ileile, programu inayouliza iwe ya nani. Ya kampuni ikifa, unatumia nyingine. Viwango huria, ndivyo vinavyoitwa. Basi sanduku letu halikuwa bubu kwa sababu teknolojia ni ngumu. Mtu alikaa mezani akaamua liwe bubu, lisimjibu mwingine ila yeye.

Wafadhili walipokuja kusaini ununuzi wa sanduku jipya, na muuzaji wa kampuni ileile ameketi pembeni yao, nilisimama kabla ya hotuba.

"Hili jipya," niliuliza, "linaweza kuongozwa na programu isiyo yenu?"

Meneja wetu akaninong'oneza, "Mama, wageni hawaulizwi hivyo."

Muuzaji akatabasamu. "Mfumo wetu ni salama zaidi ukiwa umefungwa."

"Salama kwa nani?" nilisema. "Mimi sipingi kufuli. Studio yetu ina kufuli. Lakini ufunguo uko kwetu." Kisha nikawaeleza habari za ibada ya Kilwa.

Ofisa wa wafadhili, mwanamke wa makamo kutoka mji wa Mansa, aliacha kuandika. Akamgeukia muuzaji. "Ni kweli rekodi zipo na hamkuzitoa?" Muuzaji akaanza kueleza sera. "Sisaini," alimkatiza. "Kwanza fungueni la zamani. Halafu mniletee kifaa kinachofuata viwango huria, au nitanunua kwingine."

Lile lililokuwa haliwezekani likawezekana kabla ya wiki kwisha. Rekodi zote zilitoka nzima. Wafadhili walinunua kwingine, na sanduku tulilo nalo sasa nalisimamia kwa programu ambayo mtengenezaji wa sanduku hata haijui.

Nilimpelekea mama sauti ya mume wake kisiwani, kwenye simu yangu. Aliisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. "Aksanti, mama," alisema. "Lakini batu balisharudia kwabo." Wale wa ibada walishatawanyika, na hakuna kampuni inayoweza kuwarudisha Jumamosi ile.

Watu hunipongeza kwamba tulishinda. Nilishinda nini? Mama mwenye kilemba cheusi aliomba, akanyimwa. Ofisa mwenye kalamu aliomba, akapewa. Sauti ni ileile na sanduku ni lilelile.

Juzi dada mmoja anayefanya kazi kwenye zahanati ya Kafutuma aliniambia wameahidiwa sanduku kama lile la kwanza, akaniuliza maswali ya kuuliza. Nikampa. Akacheka kidogo, akaniambia naongea kama mtu ambaye bado ana hasira.

Nikamwambia ninayo.